Koreshi wa Uajemi, mfalme wa mataifa aliyeitwa masihi

Msikilizaji anayefungua kitabu cha Ezra hukutana na jina la Koreshi katika mstari wa kwanza kabisa. Haelezwi alizaliwa wapi, alipataje ufalme, wala aliabudu nini. Anatajwa kama mtu ambaye kila mmoja anamjua: mfalme wa Uajemi, ambaye Mungu aliiamsha roho yake, naye akatoa ruhusa Wayahudi warudi Yerusalemu wakajenge hekalu. Ukirudi nyuma hadi kitabu cha Isaya unakuta jambo gumu zaidi. Humo mfalme huyu anaitwa mchungaji wa Mungu, na hata masihi wake, yaani mpakwa mafuta, jina walilolizoea Wayahudi kwa wafalme wao wenyewe. Hakuna mfalme mwingine wa kigeni aliyepewa jina hilo katika Biblia. Na papo hapo, mara mbili, inasemwa kwamba mtu huyu hamjui Mungu anayemwita.

Katika mahubiri mengi Koreshi hupita haraka. Husemwa kwamba Mungu alimgusa moyo, watu wakarudi kwao, basi. Wengine humpamba mpaka akafanana na mlokole aliyevaa taji. Sisi tumeona ni afadhali tumfuate tangu mwanzo, kwa sababu habari zake zimehifadhiwa kuliko za wafalme wengi wa zama zile: zimo katika Biblia, katika vibao vya udongo vya Babeli na katika vitabu vya Wagiriki. Ukimfuata hivyo, swali linakuwa zito. Mungu alimtumiaje mtu ambaye, katika majira yale yale aliyowafungulia Wayahudi njia, alikuwa akimshukuru hadharani mungu wa Babeli?

Koreshi alizaliwa katika nusu ya kwanza ya karne ya 6 K.K., katika ukoo wa wafalme wadogo wa Anshan, kusini mwa nchi tunayoiita leo Iran. Sehemu hiyo ni mkoa wa Fars, ambao mji wake mkubwa siku hizi ni Shiraz. Jina hilo si geni kwa wasikilizaji wetu wa pwani na visiwani, maana wako wengi wanaojiita Washirazi na kusimulia kwamba wazee wao walitoka huko. Masimulizi hayo, hata hivyo, ni ya zaidi ya miaka elfu moja baada ya Koreshi.

Waajemi wa wakati ule walikuwa taifa dogo chini ya wafalme wa Umedi, jirani zao wa kaskazini. Herodotus, Mgiriki aliyeandika historia karibu miaka mia moja baadaye, anasimulia kwamba Astyages, mfalme wa Umedi, aliota ndoto iliyomtisha juu ya mtoto atakayezaliwa na binti yake. Mtoto alipozaliwa, mfalme akaamuru auawe. Mtu aliyepewa kazi hiyo hakuwa na moyo wa kuifanya kwa mkono wake, akamkabidhi mchungaji wa mifugo. Mke wa mchungaji alikuwa amezaa mtoto mfu, basi wakabadilishana, na Koreshi akakulia zizini. Ni hadithi tamu, na zipo za namna hiyo katika mataifa mengi kuhusu watu wakubwa. Hatuna haja ya kuibeba yote kama ilivyo. Lililo hakika ni kwamba yapata mwaka 559 K.K. Koreshi alirithi kiti cha baba yake kule Anshan, na mwaka 550 K.K. alimpindua Astyages. Vibao vya Babeli vinaeleza kwamba jeshi la Astyages lilimwasi bwana wake na kumtia mikononi mwa Koreshi.

Kutoka hapo mambo yalikwenda kasi. Upande wa magharibi, katika nchi ya leo ya Uturuki, palikuwa na ufalme wa Lidia na mfalme wake Croesus, ambaye utajiri wake ulikuwa maarufu dunia nzima ya wakati ule. Herodotus anasema Croesus aliwauliza waaguzi wa Delphi kama apigane na Waajemi. Akajibiwa kwamba akivuka mto ataangamiza ufalme mkubwa. Akavuka. Ufalme ulioangamia ukawa wake mwenyewe. Anasimulia pia kwamba Koreshi aliwatanguliza ngamia wa mizigo mbele ya jeshi, farasi wa Lidia wakasikia harufu ile wasiyoizoea, wakageuka na kukimbia. Mfugaji yeyote anayejua mnyama anavyoshtuka ataelewa. Sardi, mji mkuu wa Lidia, ulianguka yapata mwaka 546 K.K.

Sasa tuwatazame Wayahudi, maana bila wao Koreshi angebaki kuwa mfalme mwingine mwenye vita vingi.

Nebukadreza, mfalme wa Babeli, alikuwa amewahamisha kwa awamu. Mwaka 597 K.K. alichukua mfalme, wakuu, mafundi na sehemu ya vyombo vya hekalu. Mwaka 586 K.K. majeshi yake yalirudi, yakabomoa kuta za Yerusalemu, yakachoma hekalu, na kuchukua vyombo vilivyobaki. Nabii Yeremia alikuwa amesema jambo lililowachukiza watu wake: kwamba hata Nebukadreza ni mtumishi wa Mungu katika adhabu hiyo. Alisemwa kuwa msaliti kwa ajili ya maneno hayo, akapigwa na kufungwa. Aliwaandikia pia barua waliohamishwa, akiwaambia wajenge nyumba, wapande bustani, waoe na kuolewa, na wauombee mji uliowateka.

Wakafanya hivyo. Katika nchi ya Iraki vimepatikana vibao vya udongo vya kijiji kilichoitwa kwa jina la Yuda, kikiwa katika mashamba ya Babeli. Vinaonyesha Wayahudi wakilima shayiri, wakivuna tende, wakikopeshana na kulipa kodi ya mfalme. Hawakuwa katika minyororo. Walikuwa kama watu wengine wengi waliohamishwa kwa nguvu: wana shamba, wana nyumba, wana watoto waliozaliwa huko, lakini ardhi si ya mababu zao na hawana ruhusa ya kurudi. Baada ya miaka 40 au 50, mtoto aliyetoka Yerusalemu akiwa mgongoni mwa mama yake alikuwa mzee mwenye wajukuu.

Watu hao ndio wanaohusika na maneno ya Isaya juu ya Koreshi. Waumini wengi wanaamini Isaya alilitaja jina hilo karibu miaka 150 kabla. Wataalamu wengi wa Biblia nao wanaziweka sura hizo mwishoni mwa uhamisho, Koreshi alipokuwa amekwisha kusikika. Hatutaki kuamua ugomvi huo hapa. Tunachotaka msikilizaji akione ni kile kinachofuata mara baada ya jina la Koreshi kutajwa. Nabii anageuka na kuwakemea watu wanaoshindana na Muumba wao. Anawauliza kama udongo unaweza kumhoji mfinyanzi anatengeneza nini. Kwa nini akemee hivyo? Sisi tunaona kwamba habari ile haikuwafurahisha wote. Walikuwa wakimngojea mwokozi wa ukoo wa Daudi, mtu wa kwao, anayejua sabato na zaburi. Wakaambiwa kwamba anayekuja ni Mwajemi asiyetahiriwa na asiyejua hata jina la Mungu wao.

Na Babeli nako mambo yalikuwa yameharibika. Mfalme wa mwisho, Nabonidus, alimpenda mungu wa mwezi kuliko Marduk, mungu mkuu wa mji. Aliondoka akaenda kukaa Tema, katika jangwa la Arabuni, kwa miaka kama 10, akamwachia mwanawe Belshaza usimamizi. Bila mfalme, sherehe ya mwaka mpya ya Marduk haikuweza kufanyika, na makuhani wakakasirika. Aliporudi, hatari ya Waajemi ikiwa imekaribia, alikusanya sanamu za miungu ya miji mbalimbali akazileta ndani ya Babeli. Watu wa miji hiyo wakaona wamenyang'anywa miungu yao.

Mwaka 539 K.K. Koreshi alishuka na jeshi lake. Huko Opis, kando ya mto Tigris, palipigwa vita na watu wengi wakachinjwa. Tunalisema hili kwa sababu Koreshi husifiwa sana kwa upole wake, na ni kweli alikuwa mpole kuliko waliomtangulia, lakini upole huo ulikuja baada ya damu. Siku chache baadaye mji wa Sippar ulijisalimisha. Kisha jeshi lake likaingia Babeli bila vita. Herodotus anasema Waajemi waliyageuza maji ya mto Frati na kupita chini ya kuta, wakati wenyeji wakiwa katika karamu. Kitabu cha Danieli nacho kinataja karamu ya usiku: Belshaza na wakuu wake wakinywea divai katika vyombo vilivyotolewa hekaluni Yerusalemu. Usiku huo huo Belshaza aliuawa. Koreshi mwenyewe aliingia mjini mwezi Oktoba, akapokewa kwa shangwe.

Alichofanya baadaye ndicho kilichomtofautisha. Wafalme wa Ashuru na Babeli walitawala kwa kuyang'oa mataifa na kuyapanda mahali pengine, ili yasahau kwao na yasipate nguvu ya kuasi. Koreshi alitawala kwa kurudisha. Sanamu zilizokusanywa na Nabonidus zilirudishwa kila moja mji wake. Watu waliohamishwa walipewa ruhusa kurudi. Ilikuwa huruma, pengine, lakini ilikuwa pia akili ya kisiasa: mtu uliyemrudishia shamba la babu yake na madhabahu yake hana haraka ya kukuasi, na ataomba kwa mungu wake akuzidishie maisha.

Tunajua hayo kutoka kwa Koreshi mwenyewe. Mwaka 1879 Hormuzd Rassam, mzaliwa wa Mosul aliyekuwa akichimbua magofu kwa ajili ya jumba la makumbusho la Uingereza, alipata kati ya magofu ya Babeli kipande cha udongo uliochomwa chenye umbo la pipa dogo, urefu wake kama sentimita 22. (Rassam huyo ndiye aliyewahi kutumwa Ethiopia kwa Mfalme Tewodros, akafungwa huko mpaka mwaka 1868. Lakini hiyo ni habari ya siku nyingine.) Juu ya udongo huo yameandikwa maneno ya Koreshi. Anasema kwamba Marduk, mungu wa Babeli, aliyazungukia mataifa yote akitafuta mfalme mwenye haki, akamshika Koreshi mkono, akamwita kwa jina lake na kumpa dunia aitawale. Wayahudi na Yerusalemu hawatajwi kabisa.

Sasa linganisha na mbiu iliyoandikwa katika Ezra. Humo Koreshi anasema kwamba BWANA, Mungu wa mbinguni, ndiye aliyempa falme zote za dunia, naye amemwagiza amjengee nyumba Yerusalemu. Kwa Wababeli alimtaja Marduk. Kwa Wayahudi alimtaja Mungu wa Wayahudi. Kila taifa aliliambia kwamba mungu wao ndiye aliyemchagua. Yosefo, mwandishi wa Kiyahudi wa karne ya 1, anadai kwamba Koreshi alikisoma kitabu cha Isaya, akastaajabu kuliona jina lake humo, na ndipo akatamani kulitimiza. Ezra hasemi hivyo. Wala Biblia haisemi mahali popote kwamba Koreshi aliongoka, kwamba aliacha miungu mingine, au kwamba alikwenda kusali katika nyumba aliyoruhusu ijengwe.

Baadhi ya wasomaji hufadhaika wanapofika hapa, kana kwamba kipande kile cha udongo kimemvua Koreshi nafasi yake katika Biblia. Sisi hatuoni hivyo. Isaya alikuwa amekwisha kusema wazi kwamba mtu huyu hamjui Mungu. Kipande cha udongo kinamthibitisha nabii. Koreshi alikuwa na sababu zake, za mfalme anayetaka himaya tulivu, na sababu hizo zilikuwa zake kweli, hakuna aliyemlazimisha. Na kwa sababu hizo hizo watu wakarudi kwao. Isaya alikwisha kulisema jambo la namna hiyo zamani kuhusu Ashuru, aliyemfananisha na shoka mkononi mwa mkata miti: shoka halijui mti unakatwa kwa nini, na likijivuna juu ya anayelishika ni upuuzi. Ashuru alitumiwa, kisha akahukumiwa kwa kiburi chake. Kutumiwa ni jambo moja, na kupendeza mbele za Mungu ni jingine, wala Biblia haijayachanganya.

Mbiu ilitolewa katika mwaka wa kwanza wa Koreshi kutawala Babeli, yaani mwaka 538 K.K. Wayahudi hawakuwa na sanamu ya kurudishiwa kama watu wa miji mingine. Walikuwa na vyombo. Koreshi akaamuru Mithredathi, mtunza hazina, avitoe na kumhesabia Sheshbaza, mkuu wa Yuda. Ezra anavitaja kwa jumla: vyombo 5,400 vya dhahabu na fedha. Ni vile alivyovichukua Nebukadreza na kuviweka katika nyumba ya mungu wake. Mfalme wa mataifa alivibeba, mfalme wa mataifa akavinywea, na mfalme wa mataifa akavirudisha, tena kwa hesabu na mbele ya shahidi.

Waliorudi walikuwa 42,360, mbali na watumwa 7,337 na waimbaji 200. Ezra anahesabu hata wanyama: farasi 736, nyumbu 245, ngamia 435 na punda 6,720. Fanya hesabu utaona safari ilikuwaje. Punda mmoja kwa watu sita au saba, akibeba unga, maji, wagonjwa na watoto. Wengi walikwenda kwa miguu, wakiufuata mto Frati kwenda kaskazini kwanza, kisha wakishuka kusini hadi Yuda. Ezra mwenyewe, aliposafiri njia hiyo miaka mingi baadaye, alitumia miezi minne. Na wengi hawakurudi kabisa. Walikuwa na mashamba na biashara Babeli, wakabaki, wakachangia fedha tu. Hatuwalaumu. Hata siku hizi, kambi ya wakimbizi ikifunguliwa, si kila mtu anayepanda lori la kwanza.

Walipofika walijenga madhabahu kwanza, katikati ya magofu. Kwa kibali cha Koreshi mierezi ya Lebanoni ililetwa kwa bahari mpaka Yafa. Mwaka wa pili wakaweka msingi wa hekalu. Vijana wakapiga kelele za furaha, na wazee waliokuwa wameliona hekalu la kwanza wakalia kwa sauti, hata watu wasiweze kutenganisha kilio na shangwe. Kisha majirani wakaanza fitina, washauri wakahongwa, na kazi ikasimama.

Koreshi hakufuatilia. Himaya yake ilienea kutoka Bahari ya Mediterania hadi karibu na India, na Yerusalemu ilikuwa mji mdogo ulioungua pembezoni mwa ramani. Alikuwa na mipaka ya kulinda huko Asia ya Kati. Mwaka 530 K.K. alikwenda kupigana huko na akafa. Herodotus, aliyekiri kwamba alisikia habari nyingi tofauti za kifo hicho, alichagua ile ya malkia Tomyris wa Wamassagetae, ambaye mwanawe alijiua baada ya kutekwa kwa hila na Waajemi. Malkia akamshinda Koreshi vitani, akatumbukiza kichwa chake katika kiriba cha damu ili ashibe alichokuwa akikitafuta. Xenophon, Mgiriki mwingine, anasema alikufa kitandani akiwausia wanawe.

Alizikwa Pasargadae, mji alioujenga mwenyewe, katika nyumba ndogo ya mawe iliyo juu ya ngazi sita kubwa. Mwanawe Kambise akamfuata katika ufalme, na baada yake Dario. Ndipo Wayahudi wakaanza kujenga tena, mwaka 520 K.K. Liwali Tatenai, aliyesimamia nchi za ng'ambo ya mto, alikuja kuuliza ni nani aliyewapa ruhusa. Wakamjibu kwamba ni Koreshi. Liwali hakuwazuia wala hakuwaamini: aliandika barua kwa Dario akiomba kumbukumbu zitafutwe.

Zikatafutwa Babeli kwanza, lakini hati ilipatikana Ahmetha, mji wa Umedi, ambao leo ni Hamadan huko Iran. Ilikuwa ile amri ya zamani, yenye vipimo vya nyumba, safu za mawe na miti, agizo kwamba gharama zitoke katika nyumba ya mfalme, na agizo jingine juu ya vyombo vya dhahabu na fedha, kwamba virudishwe kila kimoja mahali pake. Dario akaithibitisha, akamwamuru Tatenai akae mbali na kazi ile na kuilipia kwa kodi ya nchi yake. Mwaka 515 K.K. hekalu likamalizika, Koreshi akiwa na miaka 15 kaburini.

Kaburi hilo lipo mpaka leo. Aleksanda Mkuu alilikuta limeibiwa mwaka 324 K.K., akaamuru litengenezwe. Karne zilipopita, wenyeji walisahau lilikuwa la nani, wakaliita kaburi la mama yake Sulemani, na chini ya jina hilo wakalitunza kwa mamia ya miaka.